Maneno ya Chuo Kikuu na Maana Yake

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yakisha kutangazwa na majina ya waliochaguliwa yakisha kutolewa, vijana wengi wa Laare na wa sehemu zote za Igembe hufunga masanduku yao wakaelekea vyuo vikuu. Wengine hawaendi mbali: hushika barabara ya Maua, wakapita Kangeta na Kianjai, hata wakafika Nchiru, penye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wengine huenda Chuka, au Embu, au Nairobi. Lakini popote waendapo, hukutana na jambo moja ambalo hawakufundishwa shuleni, nalo ni lugha ya chuo kikuu. Kiingereza wanakijua, maana ndicho walichofanyia mtihani. Lugha inayosemwa hapa ni ile ya maneno ya kawaida yaliyopewa maana nyingine, na maneno mageni ambayo kila mtu chuoni huyatamka kana kwamba amezaliwa nayo.

Jambo hili si geni kwa watu wa Laare. Mtu atokaye pwani akiingia soko la miraa kwa mara ya kwanza, akasikia watu wakitaja "kilo", hudhani ni uzito wa mizani. Kumbe ni mafungu yaliyohesabiwa, wala mizani haimo. Asipouliza, atalipa kisha alalamike. Hali ya mwanafunzi mgeni ni kama hiyo, ila hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno ya chuo yana tarehe na ada ndani yake. Asiyejua neno moja aweza kupoteza mwaka mzima, na mzazi wake asijue kwa nini.

Yafaa kwanza kujua maneno haya yalikotoka. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake wakawa wakipewa digrii za London. Chuo cha Nairobi, kilichofungua milango yake mwaka 1956, nacho kikafuata njia hiyo baadaye. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, naye Julius Nyerere akawa Chansela wake. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake, lakini vyeo, kanuni na majina ya Kiingereza yakabaki palepale. Huko Dar es Salaam wataalamu wa Kiswahili walijitahidi kuyatafutia maneno ya kwetu, ndiyo maana leo tuna kitivo, mhadhiri, shahada, tasnifu na mengineyo. Katika vyuo vya Kenya maneno hayo husomwa vitabuni kuliko yanavyosemwa ukumbini. Hivyo ni heri mwanafunzi ajue la Kiswahili na la Kiingereza pia.

Hata neno "chuo" lenyewe lina safari yake. Zamani katika Kiswahili chuo kilikuwa kitabu, na kwa watu wa pwani kwenda chuoni ni kwenda kusoma Kurani. Ndipo mtu mwenye elimu nyingi akaitwa mwanachuoni. Siku hizi chuo ni mahali pa kusomea baada ya sekondari, lakini vyuo si vya namna moja. Chuo kikuu ni kile chenye hati ya Serikali inayokiruhusu kutoa digrii kwa jina lake chenyewe. Chuo kikuu kishiriki hufundisha digrii, lakini cheti hutolewa kwa jina la chuo kikilezacho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko Nchiru tangu mwaka 2008 hadi 2013, wakati chuo kilipokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Embu nayo ilikuwa chini ya Nairobi kabla ya kupata hati yake mwaka 2016. Kampasi ni tawi tu la chuo katika mji mwingine.

Kabla ya kufika huko, kijana hukutana na KUCCPS. Hicho ni chombo cha Serikali kinachowagawa wanafunzi katika vyuo, nacho kilichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na bodi ya pamoja ya vyuo vikuu. Mwenye wastani wa C na jumlisha aweza kuomba digrii, na wa C na kutoa aweza kuomba diploma. Lakini wastani peke yake hautoshi. Kila fani ina kundi lake la masomo manne, nayo huhesabiwa kwa namna ya pekee hata zikapatikana alama za kundi, ambazo upeo wake ni 48. Hii ndiyo sababu wanafunzi wawili wenye wastani mmoja, waliotoka shule moja, hupelekwa mmoja kusomea udaktari na wa pili ualimu. Wazazi wengi hudhani pana upendeleo, hali mara nyingi ni hesabu tu.

Akifika chuoni, mwanafunzi hukuta vyeo. Chansela ndiye mkuu wa heshima, naye huonekana hasa siku ya kufuzu. Kwa miaka mingi, tangu enzi za Mzee Jomo Kenyatta hadi mwisho wa utawala wa Rais Daniel arap Moi mwaka 2002, Rais wa Jamhuri ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vya Serikali. Mwenye kuendesha chuo kila siku ni Naibu Chansela. Neno hili huwapoteza wazee, kwa sababu nyumbani naibu wa chifu ni mtu wa chini ya chifu, na mzee aliyesafiri toka Igembe na malalamiko yake hataki kumwona naibu, amtaka mwenyewe. Basi na ajue kwamba katika chuo naibu huyo ndiye mwenyewe.

Chini yake wako wasajili. Msajili wa taaluma ndiye mwenye orodha ya wanafunzi na alama zao. Chuo kimegawanyika katika vitivo, au skuli kama vyuo vingine vinavyoviita, na kila kitivo kina idara zake. Mkuu wa kitivo huitwa kwa Kiingereza kwa jina linalotamkwa karibu sawa na "dini", na pia yuko mkuu wa namna hiyo anayeshughulikia maisha ya wanafunzi: malazi, ugonjwa, msiba, na njaa pia. Cheo hicho hakina uhusiano na ibada, ingawa asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kiongozi wa watu kumi, na kanisa lililitumia kabla ya vyuo. Mwanafunzi mwenye shida asione haya kubisha mlango huo. Umewekwa kwa ajili yake. Tena kuna Seneti. Hii siyo ile ya Bunge la Nairobi iliyorudishwa mwaka 2013, bali ni baraza la maprofesa na wakuu wa vitivo. Alama zozote zilizobandikwa ubaoni au mtandaoni kabla ya Seneti kuzipitisha ni za muda tu, na zaweza kubadilika.

Sasa tuje katika masomo yenyewe. Mwaka wa masomo hugawanywa katika semesta mbili, kila moja ikiwa na majuma kumi na manne hivi au zaidi kidogo. Digrii nyingi huchukua miaka 4, uhandisi 5, na udaktari wa binadamu 6. Kinachofundishwa hukatwa vipande viitwavyo yuniti. Yuniti si somo zima kama historia au hesabu; ni sehemu yake moja, yenye namba na jina, inayoanza na kwisha katika semesta moja, kwa kawaida kwa saa 3 kila juma. Ziko yuniti za lazima, na za hiari ambazo mwanafunzi huchagua. Ziko pia yuniti ambazo haziwezi kusomwa kabla ya nyingine kupitwa. Aliyeanguka katika ile ya kwanza hufungiwa mlango wa ile ya pili, na kwa hiyo kosa la mwaka wa kwanza hujitokeza tena mwaka wa tatu.

Hapa pana neno ambalo huwaumiza wageni kuliko mengine yote ya mwanzo, nalo ni usajili. Shuleni, mwanafunzi akilipa karo na kuketi darasani, yatosha. Chuoni kuna usajili wa namna mbili. Wa kwanza ni kujiandikisha kuwa mwanafunzi wa chuo. Wa pili ni kujiandikisha katika kila yuniti, kila semesta, kwa potali ya chuo, yaani ukurasa wa mwanafunzi katika mtandao, kabla ya siku iliyowekwa kupita. Mwanafunzi aweza kuhudhuria mihadhara yote, akafanya kazi zote, hata akaketi mtihani, lakini ikiwa yuniti haikusajiliwa, alama zake hazina mahali pa kuandikwa. Baadaye husikia ya kwamba ana "alama zinazokosekana". Maneno hayo hayana maana kwamba ameanguka, wala kwamba amepita. Maana yake ni kwamba chuo hakina habari yake. Dawa yake ni kwenda kwa mhadhiri na kwa idara mapema, akiwa na karatasi ya usajili na kadi ya mtihani mkononi. Kungoja hadi mwaka wa nne ni hatari, kwa kuwa mhadhiri aweza kuhama, na karatasi za mtihani hazihifadhiwi milele.

Mhadhara ni somo linalotolewa na mhadhiri kwa wanafunzi wengi pamoja, pengine mia mbili au zaidi, naye haandiki kila kitu ubaoni wala hamfuati asiyeandika. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi ahudhurie kiasi fulani cha mihadhara, kama vile theluthi mbili au robo tatu, kabla ya kuruhusiwa mtihani. Kisha kuna CAT, ambayo wanafunzi huitamka "kati". Ni mtihani mdogo katikati ya semesta, nao ukiunganishwa na kazi nyingine za darasani huwa na alama 30 katika vyuo vingi vya Kenya; mtihani wa mwisho huwa na 70. Ni hesabu rahisi. Aliyeidharau kati akakosa alama hizo zote 30, hapana budi apate 40 katika 70 za mtihani ili apite, yaani zaidi ya nusu, hali mwenzake aliyekwisha kupata 20 ahitaji 20 tu.

Alama ya kupita katika fani nyingi ni 40, ijapokuwa udaktari na baadhi ya fani nyingine hudai 50. Toka 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, na 40 hadi 49 ni D. Kijana aliyezoea A ya 80 shuleni asishangae akiambiwa 70 ni alama ya sifa. Tena asidhani ni rahisi kuipata.

Anayekosa kupita hupewa mtihani wa nyongeza, ambao wanafunzi huuita "sapu". Katika vyuo vingi, hata akijibu vizuri kiasi gani, huandikiwa 40 tu. Mtihani maalumu ni kitu kingine kabisa, ingawa aghalabu hufanywa siku ileile na katika chumba kilekile. Huo ni kwa mwanafunzi aliyeugua, au aliyefiwa, au aliyezuiwa na sababu nyingine iliyokubaliwa, asiweze kuketi mtihani kwa wakati wake, na alama zake huandikwa kama alivyozipata. Tofauti ya mitihani hii miwili ni barua. Mwanafunzi aliyelazwa hospitali ya Maua wakati wa mtihani, akaleta cheti cha daktari na barua ya maombi, hupewa mtihani maalumu. Aliyelazwa kitanda cha pili, akanyamaza, huhesabiwa kuwa amekosa mtihani bila sababu, na ugonjwa wake hautajwi popote. Anayeanguka katika nyongeza pia hurudia yuniti yote, na akianguka katika yuniti nyingi aweza kurudia mwaka au kuondolewa chuoni. Kiasi cha kuanguka kinacholeta adhabu hiyo hutofautiana, nacho kimeandikwa katika kitabu cha kanuni ambacho kila mwanafunzi hupewa au huonyeshwa alipofika, na ambacho wachache hukifungua.

Lipo neno moja ambalo kwa watu wa Laare lastahili kufafanuliwa kuliko yote, nalo ni kuahirisha masomo.

Karo za nyumba nyingi hapa hutoka katika miti ya miraa. Mwezi wa Juni mwaka 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na soko la ng'ambo likafungwa. Mwezi wa Machi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Somalia ilizuia ndege za miraa, na zuio hilo halikuondolewa hata Julai 2022. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili, ambayo kwa mwanafunzi ni zaidi ya semesta nne. Mambo kama haya yakitokea, kijana ambaye ada yake ilikuwa ikitoka shambani ana njia mbili, ambazo kwa macho ya jirani hazina tofauti, maana katika zote mbili anaonekana yuko nyumbani, akichuma miraa kwa kibarua au akiuza dukani.

Njia ya kwanza ni kurudi nyumbani kimya. Chuo hakijui habari za Somalia wala za bei ya miraa. Kinachoonekana huko ni jina ambalo halikusajiliwa semesta ya kwanza, wala ya pili. Na kwa kanuni za vyuo vingi mtu huyo huhesabiwa kuwa ametoroka masomo, na nafasi yake yaweza kufutwa. Njia ya pili ni kumwandikia msajili wa taaluma barua, kupitia kwa mkuu wa kitivo, akieleza sababu na kuomba kuahirisha kwa semesta moja au mwaka mmoja. Ombi likikubaliwa, hupewa barua ya ruhusa, na nafasi yake hulindwa hadi siku iliyotajwa. Kwa kawaida hata aliyechaguliwa akawa bado hajaripoti aweza kuomba hivyo. Barua hiyo yahitaji kupelekwa mapema, kabla ya semesta kuanza au katika majuma yake ya kwanza, na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa iwekwe mahali pakavu nyumbani. Pia siku ya kurudi ikifika ni lazima kuripoti, au kuomba upya. Ruhusa haijirefushi yenyewe. Umaskini hauna aibu mbele ya msajili, kwa kuwa hupokea barua za namna hiyo kila mwaka.

Katika habari za fedha, maneno matatu huchanganywa. Basari ni msaada usiorudishwa, kama ule wa mfuko wa maendeleo ya jimbo la uchaguzi au wa kaunti, na kwa kawaida huwa kidogo kuliko ada. Ufadhili nao haurudishwi, ila waweza kuwa na masharti ya alama. Mkopo ni deni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kwa herufi HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na humtazamia mwanafunzi aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, pamoja na riba. Wako waliotia sahihi fomu ya HELB wakidhani ni zawadi ya Serikali, wakagutuka miaka mingi baadaye walipoombwa cheti cha kutodaiwa ili wapate kazi. Mwaka 2023 Serikali ilileta mpango uliogawa gharama ya mwanafunzi sehemu tatu: ufadhili, mkopo, na mchango wa nyumba yake kwa kadiri ya uwezo. Mpango huo ulipelekwa mahakamani, kwa hiyo kila mzazi na asome tangazo la mwaka wake mwenyewe, asitegemee habari za mtoto wa jirani aliyetangulia.

Miaka ikiisha huja digrii, au shahada. Kwa Kiingereza ile ya kwanza huitwa kwa neno lililo sawa na kapera, hata mwenye mke na watoto watano huipata kwa jina hilo. Kiswahili kimeiita shahada ya kwanza, na kimefanya vizuri. Hutolewa kwa madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na kupita tu. Ya pili ni shahada ya uzamili. Ya juu kabisa ni ya uzamivu, ambayo Kenya wengi huandika uzamifu, na neno hilo limetokana na kuzama, maana mwenye kuitafuta huzama katika jambo moja miaka mingi, akaibuka na tasnifu. Huyo huitwa daktari, lakini asipelekewe mgonjwa. Wangari Maathai, aliyeipata katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alikuwa daktari wa namna hiyo, naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika daraja hilo.

Majina haya nayo hubadilika nchi kwa nchi. Nyerere alirudi toka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na digrii iitwayo M.A., ambayo kwingine ni ya pili, lakini katika vyuo vya kale vya Uskochi ndiyo ya kwanza katika masomo ya sanaa.

Kabla ya siku ya kufuzu mwanafunzi hutakiwa kujisafisha madeni. Huzunguka na fomu toka maktaba hadi mabwenini, toka idara hadi ofisi ya fedha, na kila mmoja atie sahihi kwamba hadaiwi kitabu, wala ufunguo, wala shilingi. Sahihi moja ikikosekana, cheti hubaki kabatini. Ndipo pia hutolewa orodha ya majina yatakayoandikwa katika vyeti, nayo yafaa kusomwa kwa makini sana. Majina mengi ya Kimeru huanza kwa M ikifuatwa na alama ndogo ya ritifaa, na mashine za kuandikia huiangusha alama hiyo mara kwa mara, hata jina la cheti likawa si lile la kitambulisho. Kosa hilo husahihishwa kwa dakika chache kabla ya cheti kupigwa chapa. Baada ya hapo huhitaji hati za kiapo na safari nyingi za Nairobi. Kuhusu joho, hilo huazimwa kwa siku chache tu, na asiyelirudisha kwa wakati hutozwa faini.